Jogoo wa Shukrani

Jogoo yule nilimchukia kuliko inavyofaa kumchukia kiumbe wa Mungu. Alikuwa mwekundu, mkia mweusi, na kila alfajiri alipanda juu ya matofali chini ya dirisha letu hapa Pugu, akajaza kifua na kuwika kwa raha zake. Ndani, mimi nilikuwa nimelala na koo lisilotoa hata nusu ya sauti ile. Ubaya zaidi, mimi mwenyewe ndiye niliyemnunua. Niliweka nadhiri kwamba Mungu akinirudishia sauti, nitampeleka jogoo huyo madhabahuni.

Mimi ni Asifiwe. Ukifika usharikani kwetu ukamuulizia mama anayeanzisha nyimbo, hata watoto wa shule ya Jumapili watakuonyesha nyumba yangu. Kwetu mtu anayetoa shukrani hutembea kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, nyuma yake familia na majirani wanaomsindikiza, na wimbo huanzishwa na yeye mwenyewe. Akiwa na aibu, au sauti yake ni ya kutia huruma, nilikuwa naanzisha mimi. Nimewatembeza waliojifungua salama, waliofaulu mitihani, waliopona, hata mzee mmoja aliyeshukuru kwa kuchimba kisima kikatoa maji matamu.

Kisha shingo yangu ikavimba. Goita, walisema. Ilikua mpaka ikaanza kubana njia ya hewa, nikawa silali ila nimeegemea mito. Nikafanyiwa upasuaji, nikaamka napumua vizuri, nikafungua kinywa nimsalimie mume wangu, ikatoka hewa tupu yenye mkwaruzo. Daktari alinieleza kwa upole kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti umeumia, kwamba huenda ukapona na huenda usipone, na kwamba tusubiri.

Nilisubiri, na katika kusubiri nilimgombeza Mungu, kwa mnong'ono, maana sikuwa na kingine. Katika viungo vyote ukaona hiki? Ungechukua kidole. Ungechukua hata meno ya mbele, ningekuimbia nikiwa kibogoyo. Hakunijibu, jogoo ndiye aliyejibu, tena kila asubuhi.

Sasa Jumapili moja, wakati wa matangazo, mwinjilisti akasimama na kusema, "Jumapili ijayo familia ya mzee Elibariki itamtolea Mungu shukrani, kwa kumrudishia mama yetu Asifiwe sauti yake."

Kanisa zima likapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilimgeukia Elibariki, mume wangu, naye akawa anaangalia dari. Nilimfinya paja mpaka akakaa upande. Jamani, hasira bila sauti ni mzigo. Nilitaka kusimama na kusema si kweli, lakini nani angenisikia katikati ya vigelegele vile?

Wiki nzima sikumpa nafasi. Akianza, "Mama Lusungu, hebu nisikilize kidogo, mie sikusema vile," mimi naanza kuosha vyombo. Akinifuata jikoni naongeza kishindo. Mwanamke anaweza kunyang'anywa sauti, lakini sufuria bado anazo. Nilidhani nimeshajua alichofanya. Elibariki ni mzee wa kanisa, na wazee wetu wana tabia ya kutangulia kushukuru kwa imani, eti ukishukuru kabla, jambo litafuata.

Ijumaa nilikwenda kwa jirani yangu Somoe, anayekaanga vitumbua barazani kwake. Somoe ni mtu wa pwani, kazaliwa Kimbiji, na tumesindikizana kwenye sherehe na misiba yetu yote bila kuulizana dini.

"Shoga, kesho kutwa nakusindikiza," alisema. "Khanga nimeshaitoa sandukuni."

"Siendi," nikanong'ona. "Nishukuru nini? Sauti yenyewe haipo. Niende kumdanganya Mungu mbele ya watu?"

"Sie tunasema alhamdulillah kwa kila hali."

"Hata hali hii?"

Aligeuza vitumbua vyake kwanza. "Mie sijakwambia rahisi. Nimezika wanangu wawili, Asifiwe. Nilikuwa naisema nimeuma meno. Wala sikuelewa, na mpaka leo sijaelewa. Ila niliisema." Akanipa kitumbua cha moto kwenye kipande cha gazeti. "Na nani kakwambia ukadanganye? Nenda kawaambie haijarudi. Au kwenu ukweli hawautaki?"

Nikaona hilo ni neno. Nikaamua kwenda, lakini kwa shari. Nitafika mbele, nitasema tangazo ni uongo, kisha nitarudi nyumbani na jogoo wangu kwapani, na Mungu ataona mwenyewe la kufanya.

Jumapili tukapanga mstari mlangoni. Mimi mbele na jogoo, miguu yake imefungwa kwa kitambaa, Elibariki kando yangu, nyuma majirani, Somoe akiwa kajitanda khanga yake mpya. Kinanda kikanyamaza. Watu wote wakageuka kunitazama, wakingojea nianzishe wimbo. Niliwaona kina mama wa kwaya wakitabasamu, tayari kuitikia. Nilifungua kinywa, na kilichotoka sidhani kama hata jogoo alikisikia. Machozi yakanijia, nikatamani sakafu inimeze.

Ndipo Elibariki akakohoa na kuanza kuimba.

Lazima niwaambie kuhusu uimbaji wa mume wangu. Mimi mwenyewe nilimtoa kwenye besi ya kwaya, kwa faida ya usharika. Hajui kupanda wala kushuka. Siku hiyo alianzia juu mno, na alipofika kwenye kiitikio sauti ikapasuka, lakini hakuacha. Aliendelea peke yake, shingo imemtoka mishipa, mpaka watu wakamhurumia na kumpokea. Tukatembea. Sijawahi kutembea ndani ya wimbo nikiwa nimenyamaza, na sikujua kama watu wetu wanaimba vizuri hivyo, maana siku zote nilikuwa najisikia mimi.

Mchungaji akampa kipaza sauti. "Mzee, tuambie Bwana amewatendea nini."

"Bwana Yesu asifiwe," alisema, tukaitikia. "Baba Mchungaji, tangazo lilikosewa kidogo. Sauti ya mke wangu haijarudi." Mwinjilisti akainua kichwa. "Mie nilipeleka jina, nikasema tunashukuru kwa ajili ya mama Lusungu. Basi. Mwinjilisti akadhani ni sauti, kwa kuwa ndiyo sote tunayoiombea. Simlaumu."

Alifuta uso kwa kiganja. "Kabla ya operesheni, mke wangu alikuwa analala amekaa. Pumzi inakwenda, halafu inakatika. Mie nakaa nangojea irudi. Sikuwa nalala, jamani. Niliogopa nikisinzia, itakatika na mie sipo. Sikumwambia, nisimtie hofu. Sasa hivi analala chali na anakoroma." Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. "Akikoroma mie namshukuru Mungu, nalala. Sauti bado tunaiomba. Ila hii pumzi tumeshapewa, nikaona si vizuri kukaa kimya."

Miezi yote ile nilihesabu nilichonyang'anywa, na kitandani mwangu mwenyewe kulikuwa na mtu anayeshukuru kwa kila pumzi niliyovuta. Nililia mbele za watu bila kujificha. Nikampenda mume wangu pale madhabahuni kuliko siku aliyonioa, na nikachukua kipaza sauti.

Mkwaruzo wangu ulitoka hivyo hivyo, lakini kanisa lilitulia mpaka watu wa nyuma wakasikia. "Sielewi kwa nini. Nimemuuliza, hajaniambia. Ila napumua. Asante, Mungu."

Nikamtoa jogoo. Nadhiri ilikuwa ya sauti, na sauti haikuwepo, lakini sikutaka tena kufanya biashara na Mungu.

Baada ya ibada, sadaka za mifugo na mazao hunadiwa uani, kama kawaida yetu. Jogoo wangu alipoinuliwa, Somoe akanyoosha mkono na hakuushusha mpaka wenzake wakakata tamaa.

"Wa kazi gani?" nikamuuliza.

"Bila huyu nitaamkaje kukaanga vitumbua?" alisema, akampakata kama mtoto.

Kwa hiyo Jumatatu alfajiri aliwika tena, safari hii kutoka upande wa pili wa ukuta. Sauti yangu haikuwa imerudi, na mpaka leo haijarudi. Elibariki alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, usingizi wa mtu mwenye deni kubwa la usingizi. Sikumwamsha. Nikalala chali, nikavuta hewa mpaka mwisho wake, haikuzuiwa na kitu, nikaiachia. Kisha nikageukia upande wake, nikasikiliza ya kwake ikiingia na kutoka.

Jogoo akawika tena. Nikamwacha awike.