Mtoki wa Refa Namakhwa

Wyson Namakhwa alikuwa refa, tena refa mkali. Kwenye viwanja vya Blantyre walimwita Jiwe, maana hata wachezaji wamzonge na mashabiki wamrushie maganda ya miwa, yeye alisimama palepale, mkono umenyooka kuelekea penye penalti, hapepesi jicho. Mkewe Dorica, fundi cherehani wa mtaa wa Bangwe, alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba mume wake akikosea mlango hata nyumbani kwake, hurudi nyuma polepole ili watu wadhani amekusudia.

Miaka miwili kabla ya kisa hiki, doa jeusi lilimtokea kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia. Alidhani kiatu kimembana, damu imevilia. Doa likapanuka, likaanza kutoa majimaji. Hospitali kuu walikata kipande wakakipima, wakampa jina la ugonjwa: melanoma, saratani inayoanzia kwenye weusi wa ngozi. Wyson alishangaa, kwani siku zote aliamini saratani ya ngozi ni ya wazungu.

"Sisi hututokea nyayoni na chini ya kucha," daktari aliyempasua alimweleza. "Mahali ambapo hakuna anayetazama."

Kidole kikaondolewa chote. Siku ya kuruhusiwa, daktari yule aliwakalisha mume na mke pamoja, akawaambia waje kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini wakiona uvimbe wowote kwenye kinena, wasingoje tarehe. Waje upesi.

Mwaka wa kwanza alihudhuria. Mwaka wa pili alikuwa amejifunza kukimbia bila kile kidole, pamba imesokomezwa kiatuni, na kwenda hospitali kukaanza kuwa kero. Mara ana mechi Zomba, mara mvua, mara msiba kwa shemeji. Mwishowe Dorica akachoka kumkumbusha.

Ilikuwa wakati wa joto lile linalotangulia mvua. Wyson alikuwa anaoga asubuhi, mkono ukapita kwenye kinena cha kulia ukakuta kitu. Kigumu, cha mviringo, kama punje ya njugu mawe chini ya ngozi. Alikibonyeza. Hakikuuma. Akafurahi kwamba hakiumi, akajifuta maji, akaenda mazoezini.

Mazoezi aliyafanya na Lyton Kachipapa, mshika kibendera wake na rafiki yake wa tangu ujana. Wote wawili walikuwa wanajiandaa kwa majaribio ya mbio ya waamuzi wanaotaka kupanda ligi kuu. Kwa umri wao, wasipopanda safari hii, basi tena.

"Kaka, vipi? Unakimbia kama umekalia siafu," Lyton alisema.

"Mtoki tu umenitoka."

"Mtoki! Umejikwaa wapi? Au wale wa Chilobwe wamekufanyizia kwa ile kadi nyekundu?"

"Nilijikwaruza kwenye ugoko."

"Basi meza vidonge upone. Usije ukaniacha nipande ligi kuu peke yangu. Mawe yote yale nitarushiwa mwenyewe?"

Wakacheka. Wyson alikwenda zahanati ya karibu na kwao. Mganga akapapasa, akatazama ule mkwaruzo, akauliza kama amewahi kuugua ugonjwa mkubwa au kupasuliwa. Wyson akasema hapana. Soksi ilikuwa mguuni, pengo la kidole halikuonekana. Baadaye alimwambia Dorica kwamba lile "hapana" lilimtoka lenyewe kabla hajalifikiria, na kwamba baada ya kulisema alijisikia mwepesi, kama mtu ambaye kweli hajawahi kuugua.

Akapewa vidonge vya kuua vijidudu. Vikaisha. Mkwaruzo ukapona ukabaki alama tu. Mtoki ukakua, ukawa kama yai la njiwa.

Kilichomfichua ni kaptula. Alimpelekea mkewe kaptula nyeusi ya kazi, akamwomba aipanue.

"Umenenepa?" Dorica aliuliza, sindano i mdomoni.

"Kidogo. Panua huu mguu wa kulia."

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto uache."

Dorica akaitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa. "Baba Tadala, mtu hanenepi upande mmoja."

"Wewe shona tu."

"Vua nione."

"Mchana huu? Wateja wakiingia?"

"Nitafunga mlango. Vua."

Alikataa, wakabishana, mwishowe akavua. Dorica akagusa ule uvimbe, akauzungushia vidole. Kisha akampiga mumewe begani kwa kiganja, kwa nguvu, kama anavyopigwa mtoto aliyetaka kuvuka barabara bila kutazama.

"Tangu lini?"

"Ni mtoki. Nilishapewa dawa."

"Uliwaambia habari ya kidole?"

Wyson akaokota nguo zake.

"Nimekuuliza, uliwaambia?"

"Majaribio ni wiki ijayo, Mama Tadala. Wakinilaza sasa, nimekwisha."

"Umekwisha nini? Mbio? Yule daktari alitwambia wote wawili. Nilikuwepo. Hakusema usubiri umalize mbio."

Kesho yake walikwenda hospitali kuu. Foleni ilikuwa imetoka nje, watu wameketi kwenye mabenchi na wengine sakafuni, akina mama wameshika vyombo vya uji. Karani wa dirishani alitafuta faili hakuliona. Daktari aliyempasua alikuwa amekwenda masomoni ng'ambo. Kliniki ya upasuaji ilikuwa imejaa, karani akasema, waje mwezi wa pili.

"Mwezi wa pili?" Dorica aliuliza. "Dada yangu, tuliambiwa tukiona uvimbe tuje upesi."

"Kila mtu hapa ana uvimbe wake, mama. Mwingine!"

Wyson, ambaye uwanja mzima hauwezi kumtikisa, alimvuta mkewe mkono. "Twende. Si umesikia? Mwezi wa pili."

Nusura waondoke. Kilichowazuia ni mzee mmoja kwenye benchi, mkono umefungwa plasta, aliyekuwa akimkodolea Wyson macho tangu walipoingia.

"Hee! Si Jiwe huyu? Jamani, huyu ndiye aliyetunyima penalti na mpira umeshikwa waziwazi! Ulikuwa unatazama wapi siku ile, refa?"

"Alikuwa anatazama mfuko wake," mwingine akadakia.

"Leo na wewe ngoja foleni uone uchungu wa kuonewa!"

Benchi zima likaangua kicheko, hata karani. Mlango wa chumba cha daktari ukafunguliwa, akatoka mwanamke mfupi mwenye koti jeupe, Daktari Mbewe, aliyekuwa amekasirika.

"Kuna nini hapa? Hapa ni hospitali au uwanja wa mpira?"

Kicheko kikazimika. Wyson alisema baadaye kwamba alikuwa anaona haya, si kwa sababu ya mashabiki, bali kwa sababu alitambua jinsi alivyofurahi kuambiwa mwezi wa pili. Aliinama akavua kiatu. Pamba ikaanguka. Akavua soksi, akasimama na ule mguu wa vidole vinne mbele ya watu wote.

"Daktari, mimi nilikatwa hapa kwa melanoma. Nikaacha kuja. Sasa nina uvimbe kinenani, unakua."

Daktari Mbewe aliutazama mguu, kisha uso. Hasira ilimtoka.

"Ingia, baba. Na wewe mama, ingia."

Yule mzee mwenye plasta akasogeza miguu yake kuwapisha. "Pole, refa," alisema kwa sauti ndogo.

Walimchoma sindano nyembamba kwenye uvimbe, wakavuta chembechembe za kupima. Siku za kungojea majibu zilikuwa mbaya. Dorica aliharibu gauni la bibi harusi, akashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Wyson hakwenda kwenye majaribio. Lyton alikwenda, akafaulu, akaja jioni ileile kuketi nao. Hakutaja habari ya majaribio mpaka Wyson alipomuuliza, na alipomjibu alilia yeye badala ya rafiki yake.

Majibu yakaja. Saratani ilikuwa imepanda kutoka mguuni ikaingia kwenye tezi za kinena. Picha za kifua na tumbo hazikuonyesha kitu.

"Nataka kuziondoa tezi zote za upande huu," Daktari Mbewe alisema. "Lakini sitakuficha. Zikiondoka, mguu unaweza kuvimba na usirudi kama zamani. Kukimbia kama unavyokimbia sasa, sidhani."

"Na nisipokatwa?"

"Itaendelea kupanda."

"Nikikatwa, itaisha?"

"Huenda. Siwezi kukuahidi. Ziko dawa mpya wanazotumia nchi nyingine, hapa kwetu hatuna. Hapa tuna kisu, na tuna kukuangalia kwa karibu. Ungekuja ulipokuwa kama punje, ningekuwa na maneno mazuri zaidi."

Dorica alitazama sakafu. Wyson aliushika mguu wake wa kulia juu ya goti kwa mikono miwili, kama mtu anayeagana na ng'ombe wake mnadani.

"Kata," alisema.

Upasuaji ulichukua nusu ya siku. Kidonda kilichelewa kufunga, kikatoa maji wiki nyingi, na mguu ukavimba kama daktari alivyosema. Sasa Wyson anaufunga bendeji ya kubana kila asubuhi kabla hajashuka kitandani, naye Dorica amemshonea suruali zenye mguu mmoja mpana. Chama cha waamuzi kilimpa kazi ya kuwafundisha marefa wapya sheria. Anaifanya, ila mechi ikianza huondoka uwanjani. Anasema jua kali. Lyton anajua si jua.

Kliniki hakosi. Safari ya juzi, Daktari Mbewe alipapasa kinena, akashuka kwenye paja, kisha vidole vikasimama mahali. Akarudi palepale mara ya pili. Dorica, aliyekuwa kwenye kiti pembeni, alisimama.

"Kovu," daktari alisema. "Nadhani ni kovu. Lakini sitaki kudhani. Njooni tena mwezi ujao, msingoje mitatu."

Nje ya geti Dorica alinunua mihogo ya kuchoma. Wakaketi kwenye ukuta mfupi, ukurasa wa gazeti uliofungia mihogo umetandazwa kati yao.

"Amesema nadhani," Wyson alisema.

"Nimesikia."

"Daktari hasemi nadhani bure."

"Kula, Baba Tadala."

Akachukua kipande. Kilikuwa cha moto, akakihamisha mkono hadi mkono, akakipulizia. Dorica alikuwa ameupitisha mkono wake chini ya koti la mumewe, ameushikilia mkanda wa suruali ya mumewe kwa nyuma, kwa nguvu, na hakuuachia mpaka mihogo ilipokwisha.