Kichwa cha Lineo

"Tulia kidogo, mwanangu, nimalizie huu mmoja," Mathato alisema, na Lineo akatulia.

Malineo alikuwa amepiga magoti hatua chache tu kutoka pale, mikono imezama kwenye udongo na samadi hadi viwikoni, anausiriba upya ukuta wa nyumba kama wanawake wote wa Ha Ralikhomo, kijiji chetu cha Wasotho, wanavyofanya Krismasi inapokaribia. Alilisikia lile neno, mwanangu. Akachota bonge la udongo akalibamiza ukutani kwa nguvu ambazo ukuta haukuzihitaji.

Kilichomuuma zaidi ni kule kutulia. Yeye kumnyoa mtoto yule, kazi aliyoifanya kila shule zilipofungwa na jua kuanza kuchoma, ilikuwa vita. Lineo hujinyonganyonga, huomba maji, huomba kwenda chooni, hulia kabla wembe haujamgusa. Leo tangu asubuhi ameketi katikati ya magoti ya Mathato, kichwa kimeinama, anasukwa rasta za mjini zenye shanga nyekundu kwenye ncha, na hata inzi akitua puani mwake hamfukuzi.

"Mama, tazama," Lineo aliita, akatikisa kichwa ili shanga zilie. "Nimependeza?"

"Umependeza," alisema Malineo. "Utalalaje na hayo madude?"

"Atazoea, dada," alidakia Mathato, akicheka. "Uzuri ni kuvumilia."

Malineo akaugeukia ukuta. Udongo ukiwa bado mbichi unatakiwa uuchore kwa ncha za vidole, mistari inayojipinda kama matuta ya shamba, nao mkono wake ulisifiwa kijiji kizima. Siku ile mistari ilimkimbia. Alifuta, akachora, akafuta tena, kwa sababu macho hayakuwa ukutani.

Sasa niwaambie mambo yalivyokuwa, msije mkamhukumu bure. Siku Malineo alipoolewa, mama mkwe alimpa jina la mtoto ambaye angemzaa, kama anavyopewa kila bibi arusi wa kwetu. Akaitwa Malineo, mama wa Lineo. Lakini Lineo hakuja. Miaka ikapita, watu wakimwita kwa jina la mtoto asiyekuwepo, naye akiitika. Jaribu wewe kuitika hivyo kisimani, sokoni na kanisani, uone kama utapata usingizi.

Ndipo Sello, mdogo wa mumewe, akaoa. Mke wake, binti mbichi kabisa, akaitwa Mathato. Alipojifungua kifungua mimba wake, Bibi, yule mama mkwe, alikifunga kile kichanga kwenye blanketi, akakivusha ua kutoka nyumba ndogo ya Sello na mkewe mpaka nyumba kubwa, akamwekea Malineo mapajani. "Lineo huyu hapa," akasema. "Jina limepata mwenyewe." Ndivyo ilivyo desturi, na hakuna aliyemuuliza Mathato. Baadaye alizaa mtoto wa kiume, akamwita Thato, akamfuata mumewe mjini Bloemfontein, ng'ambo ya mpaka. Lineo akakua akimwita Malineo mama, na aliyemzaa akimwita mama mdogo.

Na walikuwa na raha zao wawili, Malineo na Lineo, hasa majira ya joto. Mumewe Malineo huwa juu milimani na ng'ombe mpaka majani yakauke, kwa hiyo nyumba inabaki yao. Wanafua mablanketi mtoni, mtoto anakusanya viluwiluwi ndani ya kopo, anafinyanga ng'ombe wa udongo na kuwapa majina ya walimu wake. Mvua ya mawe ikija, wanajibanza mlangoni wakila mabarafu. Mathato alizoea kuja siku chache tu wakati wa Krismasi, anagawa pipi, anaondoka. Pipi hazikumtisha Malineo.

Mwaka huu Mathato alikuja mapema. Akaleta nguo za kuogelea. Akawapeleka Lineo na Thato kwenye kidimbwi cha mto, akamshika Lineo tumboni mpaka akaweza kuelea, na Malineo, asiyejua kuogelea, akabaki ukingoni amepakata mataulo kama mfanyakazi. Jioni Lineo alikuwa na wimbo mmoja tu: mama mdogo amefanya hivi, mama mdogo amesema vile. Malineo alisonga ugali akiitikia "ehe, ehe."

Siku ile ya rasta, wakati wa chakula cha jioni, ndipo Mathato alipotoa alichokuja nacho.

"Bibi, dada, kuna neno," alisema, hakumtazama mtu. "Lineo tumempatia nafasi ya shule, karibu na kwetu. Ningependa Januari nirudi naye."

Bibi alitafuna, akameza. "Mmeshapika, mmeshapakua, ndiyo mnatuuliza kama tuna njaa."

"Siyo hivyo, Bibi. Hapa anatembea mpaka ng'ambo ya mto, na mto ukijaa haendi. Ana akili huyu mtoto."

"Akili alizipata wapi?" aliuliza Malineo. "Kwenye pipi zako?"

"Dada..."

"Kulea mimba si kazi, Mathato. Kazi kulea mwana."

Mathato akaweka sahani chini. "Na uchungu wa mwana?" alisema polepole. "Anaujua nani?"

Thato alikuwa anachora kwenye majivu kwa kijiti. Lineo, aliyekuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Mama, naomba maji."

Wanawake wawili wakanyoosha mkono kwa pamoja. Kikombe kilikuwa karibu na Mathato, na mtoto akakipokea kutoka kwake, akanywa, akasema asante. Kitu kidogo kabisa. Kwenye nyumba nyingine hata paka asingegeuza kichwa. Malineo aliinuka akatoka nje, akasimama zizini mpaka usingizi ukawachukua wengine wote.

Alfajiri aliamka na neno moja tu kichwani: rasta. Alizisikia shanga zikigongana kila mtoto alipojigeuza kitandani. Akajiambia ni joto, akajiambia ni chawa, akajiambia nywele za plastiki humwasha mtoto, na wivu ukaitikia kila sababu kwa ndiyo. Akamwamsha Lineo kimya kimya, akamshika mkono.

Ili wasisikike, akampeleka nyuma ya zizi. Mkasi ulikuwa nyumba ndogo, alikolala Mathato, kwa hiyo akachukua wembe. Akakaa juu ya jiwe, akamketisha mtoto chini, akaanza kukata upande wa kulia, shina kwa shina, kisha akanyoa kilichobaki kwa maji ya baridi. Lineo hakujinyonganyonga. Hakuomba maji wala choo. Upande mzima ulipokwisha kuwa mweupe, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nani amekufa?"

Wembe ukasimama.

Wasotho tunanyoa watoto wetu kila siku, hilo si ajabu. Lakini mtoto wa kunyolewa kwa ajili ya joto hunyolewa mchana, mbele ya nyumba, kwa kelele na mizaha. Anayetolewa kitandani kabla ya jua, akanyolewa kwa wembe nyuma ya zizi, amefiwa. Na nywele zilizosukwa jana, ni nani atazinyoa leo kama si kifo? Malineo alijua hayo tangu utotoni, na yeye mwenyewe alinyolewa vile baba yake alipofariki. Alichotaka ni kujificha tu, na katika kujificha akatimiza msiba mzima bila kuacha hata kipande.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Ni chawa."

Mtoto hakuamini. Midomo yake ilikuwa inahesabu watu. Mama yuko hai, ndiye anayemnyoa. Bibi kasikika akikohoa sasa hivi. Thato anakoroma. Malineo aliona hesabu inapofikia, akanyoosha mkono kumzuia, lakini Lineo alishachomoka, nusu kichwa kipara na nusu kina shanga, anakimbia kuelekea nyumba ndogo.

Malineo alimkuta huko amempanda Mathato kifuani, amemshika mashavu kwa mikono yote miwili, anamtikisa. "Mama mdogo, amka. Amka, mama mdogo." Mathato alifumbua macho, mtoto akajiangusha shingoni kwake akalia kilio ambacho Malineo hakuwahi kukisikia tangu aanze kumlea. Alisimama mlangoni, wembe mkononi. Hakuwahi kujua kwamba mtoto angeweza kumwogopea mtu mwingine kiasi kile.

Mathato alikipapasa kile kichwa, upande mmoja, kisha upande mwingine. Akatazama wembe. Akaelewa.

"Umeninyolea kama maiti," alisema. "Niko hai, dada, nimelala, na wewe unamnyolea mwanangu kifo changu."

"Sikufikiria kifo."

"Ulifikiria nini?"

Malineo alitaka kusema chawa. Chawa hawakutoka. "Nywele zako," alisema. "Sikutaka aamke nazo. Nina wivu, Mathato. Unaniunguza tangu siku uliyoshuka kwenye gari. Akicheka nawe naungua, akinyamaza nadhani anakuwaza wewe."

"Na mimi je?" Mathato alikuwa bado amemkumbatia mtoto, anaongea juu ya kichwa chake. "Mimi ndiyo nilikuwa nacheka? Maziwa yalinijaa nikayakamulia kwenye bakuli, dada. Namsikia analia huko nyumba kubwa, nakusikia wewe unambembeleza na maziwa ya ng'ombe. Nikija na pipi ananisalimia kwa adabu, kama mgeni. Wivu huo unaousema, mimi nimeula mpaka nikazoea ladha yake."

Nje palisikika sauti ya Bibi. "Nani amekufa kwangu nisiambiwe?"

Kumbe Mapitso, jirani yao wa bondeni, alikuwa anapita kwenda kuteka maji, akaona kichwa cha mtoto kinanyolewa nyuma ya zizi. Hakuuliza. Aliitua ndoo, akarudi mbio kuwaambia wenzake, na hivi sasa huko bondeni wanawake walikuwa wanajitanda mablanketi ya msibani. Bibi aliyasikia yote hayo kutoka kwa Mapitso mwenyewe, aliyepaza sauti akiwa njiani. Akaingia nyumba ndogo, akamtazama Lineo, akamtazama Malineo, akautazama wembe. Hakuhitaji kusimuliwa.

"Mjinga wewe," alimwambia Malineo, bila hasira. "Na mimi mjinga, maana mimi ndiye niliyembeba huyu mtoto kwenye blanketi bila kuuliza mtu. Haya. Tokeni nje."

"Tuwaambie nini watu, Bibi?" aliuliza Mathato.

"Watu nitawajibu mimi. Lakini kichwa kimoja kikinyolewa hivi, nyumba nzima inanyolewa. Simwachi mtoto abebe msiba peke yake, tena msiba usio na maiti." Akamalizia yeye mwenyewe upande wa pili wa kichwa cha Lineo, kwa mikono yake ya kizee inayotetemeka, akampa zile shanga azishike. Kisha akampa Mathato wembe. "Mnyoe mkubwa wako."

Malineo alivua kitambaa akaketi chini, mgongo kwa Mathato. Hakuna aliyemgusa kichwa tangu msiba wa baba yake. Vidole vya Mathato vilipita kwenye nywele zake vikitafuta pa kuanzia, vidole vyepesi, vya mtu anayejua kazi, na akafahamu kwa nini mtoto alitulia. Kufahamu huko hakukumpunguzia kitu. Wivu ulikuwa pale pale, umekaa kitako, ila sasa alikuwa amechoka kuulisha.

Nywele za kwanza zikaanguka begani. Zilikuwa na mvi ambazo hakujua anazo.

"Hizo sare za shule," alisema Malineo, akitazama chini. "Ni za rangi gani?"

Wembe ukasita juu ya sikio lake. Ng'ambo ya ua Lineo alikuwa anamwonyesha Thato kipara chake, Thato anakigusa kwa kidole, wote wawili wanacheka. Wanawake wa bondeni walikuwa wameshaanza kupanda, mablanketi mabegani, na Bibi alikuwa anawashukia kwa fimbo yake.

"Kijani," alisema Mathato.

"Kijani hakimpendezi."

"Najua," alisema Mathato, akakiinamisha kichwa cha mwenzake mbele kidogo, akaendelea kunyoa.