Oili ya Cherehani

"Siku ile nilipokuita pale kwenye ua, ulikuwa umeshatia oili, au bado?"

Swali hilo aliliuliza jirani, yule waliyembandika jina la Mama Redio kwa sababu habari ikiingia kwake jioni, asubuhi mtaa mzima umeshaipata. Aliuliza siku ya nne baada ya maziko, mikono imezama kwenye povu la vyombo, bila ubaya wowote, kama mtu anayeulizia chumvi.

"Nilitia," mjane akajibu. Alijibu haraka mno, na yeye mwenyewe akalisikia hilo.

Ukweli ni kwamba hakujua.

Pikipiki ya marehemu ilikuwa ya zile za zamani ambazo injini yake haina mahali pa kuwekea oili. Oili inachanganywa na petroli ndani ya dumu, unatikisa, unamimina kwenye tangi. Ukisahau oili, chuma kinasugua chuma, pistoni inang'ang'ania ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma linagoma kuzunguka hapo hapo. Kazi ya kuchanganya ilikuwa ya mke. "Wewe mkono wako una kipimo," mumewe alizoea kumwambia. "Mimi namimina kama nanywesha ng'ombe." Basi yeye, fundi cherehani aliyezoea kupima mpaka upana wa uzi, akawa anapima kwa kikopo cha bati: kikopo kimoja kwa kila lita mbili, hakuzidisha wala hakupunguza.

Asubuhi ile alikuwa amechuchumaa mbele ya dumu Mama Redio alipomwita uani amwonyeshe pindo la gauni lililofumuka. Aliporudi, kikopo kilikuwa chini, kitupu. Kitupu kwa kuwa ameshamimina? Au kitupu kwa kuwa bado hajakijaza? Alitikisa dumu, akamimina petroli kwenye tangi, akamwambia mumewe nenda salama. Nusu saa baadaye, kwenye mteremko wa kuelekea darajani, gurudumu la nyuma liligoma.

Mtu mmoja tu alimweleza shaka yake: shemeji yake, mdogo wa marehemu. Shemeji aliangalia viatu vyake. Kisha akasema, "Shemeji, hilo lizike hapo hapo. Mwingine asilisikie. Mimi nitakufichia." Mjane alilia kwa shukrani. Tangu siku hiyo hakusali bila kumtaja shemeji yake kwa Mola, kabla hata ya kujitaja mwenyewe.

Miaka sita pikipiki ilikaa stoo chini ya turubai. Wao waliiita Kinanda, kwa sauti yake. Mjane alipoingia humo kuchukua mkaa, alichukua akiwa amegeuza shingo.

Binti yake ndiye aliyelivuta lile turubai. Alifiwa na baba akiwa na miaka kumi na sita, na sasa alikuwa fundi katika gereji ya mtaa wa pili, kucha nyeusi, ovaroli imemkaa vizuri kwa kuwa mama ndiye aliyeishona.

"Mama, naifufua Kinanda."

"Mwanangu, kuna vitu vimeshapumzika."

"Pikipiki haipumziki, Mama. Inaoza."

Angekataa vipi? Kukataa ni kuulizwa sababu. Basi kazi ikaanza. Kila siku ya mapumziko binti alifungua kipande, akasugua kutu kwa msasa, akaloweka nati kwenye mafuta ya taa. Tangi aliliosha kwa siki na kokoto, akilitikisa kama kayamba mpaka Mama Redio akachungulia uani kuuliza kama kuna ngoma. Mjane alishona kava jipya la kiti, na kuna saa alijisahau akatabasamu.

Shemeji naye akaanza kuja. Zamani alipita mara moja kwa mwezi. Sasa kila binti anapoishika pikipiki yuko pale, amekalia ndoo, anapindapinda kofia yake.

"Uzeni hiki chuma," alisema. "Mtu wa vyuma chakavu yupo pale kona."

"Baba mdogo, wewe baiskeli yako mbovu umeining'iniza ukutani kama picha ya harusi, leo unataka sisi tuuze?"

"Baiskeli haijaua mtu."

Binti aliacha kucheka. Mjane akamwangalia shemeji yake na kujisemea moyoni: ananitetea huyu, anajua kitakachotokea injini ikifunguliwa.

Kwa maana ilikuwa imebaki injini tu. "Jumamosi naifungua," binti alisema akifuta mikono. "Nataka nijue nini kilimpata Baba. Injini haina aibu, Mama. Ikikosa oili inachubuka, na michubuko unaisoma kama barua."

Wiki ile mjane hakula akashiba. Sindano ilimchoma kidole mara mbili kwa siku moja. Alimwomba Mola, lakini hata ombi lenyewe lilimshinda: aombe ukweli, au aombe binti yake asiujue? Hakuogopa kufungwa wala kusemwa na mtaa. Aliogopa uso wa mwanawe, uso mmoja tu, siku utakapomgeukia na kuona mtu aliyemuua baba yake kwa kusahau.

Ijumaa, binti alipokwenda gereji, mjane alifunga mlango wa uani kwa komeo. Akachukua spana ya plagi, akaifungua plagi kama alivyomwona marehemu akifanya. Oili ya pikipiki haikuwemo ndani ya nyumba. Akaenda kwenye cherehani, akachukua kichupa chake cha oili, akamimina chote ndani ya tundu la plagi, juu ya pistoni. Ikazama kimya. Akarudisha plagi, akafuta alama za vidole kwa kanga, akaenda kusali. Maneno hayakuja.

Jumamosi asubuhi binti alitandika gunia safi uani, akapanga spana kwa ukubwa. Mama alikaa kwenye kigoda na shati la mteja mapajani. Shemeji alikuwa juu ya ndoo yake.

Nati nne zikatoka. Kifuniko cha silinda kikang'oka. Binti akainama, halafu akainama zaidi.

"Hii nini?"

Akachovya kidole, akakinusa. Juu ya pistoni palituama kitu cheupe, chepesi kama maji.

"Mama. Hii ni oili ya cherehani."

Shati lilianguka kutoka mapajani. Mjane alijikaza kisabuni, akafungua kinywa atoe uongo wowote utakaokuja, na uongo haukuja.

"Nimeitia mimi. Jana."

"Kwa nini?"

"Ili uikute na oili. Siku ile nilichanganya mimi petroli ya baba yako. Mama Redio akaniita. Niliporudi sikukumbuka kama oili nilitia au sikutia. Mpaka leo sikumbuki. Niliogopa utaona."

Binti alibaki amepiga magoti, kidole kinang'aa. Mjane aliuona uso ule sasa, ule aliouogopa miaka sita, na haukuwa na hasira. Ulikuwa umepauka tu.

"Miaka yote hiyo umekaa na hili peke yako?"

"Sikuwa peke yangu. Baba yako mdogo anajua. Yeye ndiye aliyenifichia."

"Tusikumbushane haya," shemeji akadakia. "Nilishasema mapema, uzeni. Fungeni hicho kitu."

Binti akachukua kitambaa akaanza kufuta ile oili. Masizi magumu ya miaka, yaliyolowana usiku kucha, yakatoka nayo kwa wepesi, na uso wa pistoni ukawa safi. Akaacha kufuta. Akarudi kuutazama mbele, akautazama nyuma.

"Mama, njoo."

Mjane alipiga magoti karibu naye. Juu ya pistoni palikuwa na mshale mdogo uliochorwa kwenye chuma chenyewe.

"Huu unatakiwa uangalie mbele, kwenye bomba la moshi," binti alisema polepole. "Huu unaangalia nyuma."

"Maana yake nini?"

"Subiri."

Akaigonga silinda kwa nyundo ya mbao, polepole, pande zote, mpaka ikaachia. Alipoivuta juu, vipande viwili vya ringi, pete ya chuma inayoizunguka pistoni, vikadondoka kwenye gunia. Binti aliviokota, akaupitisha ukucha ndani ya silinda. Palikuwa na mfereji mmoja mrefu, upande wa tundu la moshi. Kwingine kote palikuwa laini. Halafu akaingiza kidole chini kabisa, kwenye mhimili wa injini, akakitoa kimepakwa oili ya zamani, ya kahawia, nzito kama asali iliyoganda.

"Hii siyo ya cherehani. Hii ni ya siku ile," alisema. "Ulitia, Mama. Ulitia oili. Pistoni ilifungwa kinyumenyume. Ukiigeuza, ncha za ringi zinakaa mbele ya tundu la moshi. Zinakwenda zinarudi, siku moja mbili tatu, mpaka zinanasa. Zikinasa ringi inavunjika, na kila kitu kinagoma."

Mjane alishika gunia kwa mikono miwili. Kulikuwa na hofu nyingine inakuja nyuma ya ile ya kwanza, na hii aliiona kabla haijafika, kwa kuwa alikumbuka. Wiki ile ile, siku tatu kabla, uani hapa hapa. Marehemu alitaka kuipeleka kwa fundi. Aliyekataa, aliyesema hela za nini wakati mimi nipo, aliyefunga injini huku anapiga mluzi, halafu akajipongeza kwa soda, alikuwa huyu huyu wa kwenye ndoo.

"Baba mdogo," binti aliuliza, bado anaangalia pistoni, "nani aliifunga injini hii mara ya mwisho?"

Shemeji alikuwa ameshasimama. Kofia ilikuwa imekunjwa ndani ya ngumi.

"Ulijua?" mjane akamuuliza. Hakupaza sauti. "Nilipokuja kwako nalia, ulikuwa unajua?"

Macho yake yalikwenda kwenye vile vipande viwili vya ringi, yakaenda kwenye mshale, yakafika kwa mjane na kushindwa kukaa. Mjane akautambua ule uso. Alikuwa ameuona kwenye kioo chake kila asubuhi kwa miaka sita.

"Shemeji," alimwita, "sema hata neno moja."

Shemeji aliivaa kofia yake, akaikwepa ndoo, akavuta komeo la mlango wa uani, akatoka.