Kikapu cha Minyororo

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na kila Jumapili alienda na wenzake kurusha visahani vya plastiki kwenye kikapu cha minyororo. Mimi niliuita mchezo wa watu wasio na kazi. Kisha presha ya macho ikamshika. Jicho la kulia likatangulia, la kushoto likafuata, na daktari akasema hayataona tena. Akajilaza, ndevu zikaota, sahani ya chakula ikawa inarudi jikoni kama ilivyotoka. Nilianza kuogopa kwamba ndiyo basi, hatanyanyuka tena.

Nikasema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Nikasimamisha mti wa mopu kwenye ndoo ya mchanga na mawe, nikatoboa tenga la nguo chafu nikalipachika katikati. Juu ilibaki ringi ya baiskeli ya kuning'iniza minyororo, na hiyo nilimtupia yeye kitandani pamoja na waya. Nikamwambia afunge mwenyewe, mimi najua fundo la kamba ya viatu tu. Akanuna. Baadaye nikasikia waya ukikatwa. Aliifunga yote kwa kupapasa, akanifokea kwamba hata koleo sijui kushika. Jamani, nilifurahi kufokewa.

Tukakiweka kikapu uani. Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye, alikaa karibu nacho amwokotee visahani, na mume wangu akawa anarusha huku ametega sikio. Minyororo ikilia, kimeingia. Siku za mwanzo haikulia hata kidogo. Halafu ikaanza kulia, tena sana. Akanyoa ndevu, akala, akaanza hata kunitania mapishi yangu.

Siku moja nikachungulia dirisha la jikoni. Kisahani kilianguka kwenye majani, na mama mkwe akanyoosha mkono akavuta mnyororo.

Nilimvuta chumbani. Nikamwambia mama, njia ya mwongo ni fupi, huyu mwanao ameshawaalika wenzake Jumapili waje wacheze, ataaibika mbele za watu. Alinitazama, machozi yakimlengalenga.

"Mkwe wangu, wewe una kingine cha kumpa?"

Sikuwa nacho. Nikarudi kwenye sufuria zangu, roho inaniuma.

Jumapili asubuhi mume wangu akatoka kujinoa kabla ya wageni. Nilikuwa naanika nguo nyuma yake. Akasimama, akavuta pumzi, akautupa mkono mbele. Mama mkwe, ambaye kwa mazoea alikuwa hatazami tena, akavuta mnyororo.

"Kimeingia, mama?"

"Kimeingia, mwanangu."

Kisahani kilikuwa bado mkononi mwa mume wangu.

Mama mkwe aliinua macho, akakiona, akajishika mdomo. Mume wangu alimpa mgongo, akakinyoosha kisahani upande wangu.

"Na wewe ulijua?"

Nikainamia beseni, nikaokota shati jingine la kuanika. Akakiacha kikaanguka miguuni pangu, kisha akaingia ndani akipapasa ukuta.

Wenzake walipopiga hodi mchana, walimkuta amejifunika shuka gubigubi. Walikaa kitandani pake, wakamwita kwa zamu. Hakuna aliyejibiwa.