Kikombe Husuuzwa Kabla

Ofisini kwetu, idara ya maji, programu zote zimeandikwa kwa Kobol, lugha ya kompyuta iliyonizidi umri. Kila programu ilikuwa na nakala yake ya kipande kile kile kinachopanga jina la mteja kwenye barua. Ukitaka kubadilisha jambo dogo, unazifungua zote, moja baada ya nyingine. Nikaandika kipande kimoja, nikakiweka kwenye maktaba ya pamoja ili programu zote zikiite.

Bosi alikubali shingo upande. "Tunakijaribu mchana," alisema. "Kikituaibisha, tunarudi kunakili."

Aliyenitetea ni babu tunayemwita Nukta, kwa sababu sentensi za Kobol huisha kwa nukta na yeye hajawahi kuisahau. Alikuwa anastaafu wiki hiyo.

"Binti, fanya vizuri," aliniambia. "Nikistaafu nataka kulala. Nakala zikibaki, mtanipigia simu mpaka kaburini."

Majina ya majaribio yalikuwa vyeo tu. Printa ikatoa barua ya kwanza: Mpendwa Mkurugenzi. Safi. Ya pili: Mpendwa Mzeeugenzi. Ya tatu: Mpendwa Bibiugenzi.

"Huu ukoo wa kina Ugenzi unatoka wapi?" bosi aliuliza. Chumba kizima kikaangua kicheko. Masikio yalinichoma, nikatamani ardhi ipasuke.

"Ngoja ninywe chai kwanza," Nukta alisema, akaenda kwenye sinia. Akachukua kikombe kilichokauka, akakisuuza, ndipo akamimina. Sote hufanya hivyo. Hakuna anayemwamini aliyekunywa kabla yake.

Nikabaki nakitazama kile kikombe. Zamani kila programu ilikuwa na kipande chake, na ilikisafisha yenyewe. Mimi nilihamisha kipande, usafi nikauacha nyuma.

"Ni kikombe," nikasema.

"Sema kwa sauti, hatukuli," bosi alisema.

"Kipande changu kinabaki na herufi za aliyetangulia. Jina fupi likija, mkia wa lile refu unabaki pale pale. Kinatakiwa kijisuuze kila kinapoitwa, kabla ya kuanza."

"Basi kisuuze."

Nikaandika mstari mmoja. Nukta akainama begani kwangu, akanong'ona, "Nukta." Nilikuwa nimeisahau. Nikaiweka.

Printa ikakohoa. Mpendwa Mkurugenzi. Mpendwa Mzee. Mpendwa Bibi.

Bosi aliisoma ya mwisho kama anayetafuta unywele kwenye wali. "Haya. Futeni nakala zote," alisema. "Na nyie mliocheka, mtamsaidia."

Nukta akaniletea chai. Nikaimimina kwenye sinki, nikasuuza kikombe.

"We mtoto, nimekisuuza mimi mwenyewe."

"Najua, babu," nikasema, nikamnyooshea kikombe animiminie nyingine.