Tarumbeta la Saa Kumi na Mbili

Walituambia mtihani unaanza saa nane. Saa kumi bado tulikuwa verandani, watu ishirini na wanne, tukingoja mtandao urudi, na mimi nilishakwenda chooni mara tatu bila haja. Kungoja kunanichosha kuliko kubeba magunia. Nilikaa, nikasimama, nikahesabu ngazi, nikarudi kukaa.

"Dada, tulia basi, unatutia kizunguzungu," alisema jamaa aliyekuwa kando yangu. Jina lake Swaib, tulijuana palepale kwenye foleni.

"Una miaka mingapi wewe?" nilimuuliza.

"Ishirini na miwili."

"Ehe! Basi tulia kwa niaba ya wote."

Yeye akishindwa atarudi mwakani. Mimi, tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka ishirini na sita, na mwezi ujao natimiza ishirini na saba. Ilikuwa siku ile au basi. Niliitaka sana kazi ya kuongoza ndege, wala sioni aibu kusema. Nimefukuzwa kazi nne, na zote sababu ni moja: Zulaika hatulii. Mahali pekee waliponivumilia ni soko la Kikuubo, kwa muuza jumla mmoja. Pale nasimama mlangoni naamua lori lipi liingie, lipi lirudi nyuma, wapagazi wa sukari wapite wapi na wa sabuni wangoje wapi, yote kwa pamoja, kwenye kichochoro ambacho hata mkokoteni unapita kwa kuomba radhi. Sijawahi kugonganisha watu pale. Kwa hiyo niliposoma kwamba wanatafuta mtu wa kushika mambo kumi kichwani asidondoshe hata moja, nilisema wallahi, hawa wananitafuta mimi.

Saa kumi na nusu mtandao ukarudi. Msimamizi, mama mmoja mrefu aitwaye Nerima, akatugawia namba. Mimi nilikuwa kumi na saba. Sehemu ya kwanza, unasomewa tarakimu masikioni na unazirudisha kinyumenyume. Rahisi. Sehemu ya pili, maumbo yanageuzwa, useme lipi limebaki lilelile. Rahisi pia, nilimaliza nikaanza kutikisa goti mpaka Swaib akaniangalia vibaya.

Sehemu ya tatu ndiyo yenyewe. Skrini nyeusi, nukta za kijani, kila nukta ni ndege. Unaipa kila moja kimo na mwelekeo, unaileta chini kwa zamu, na zikikaribiana mno zinageuka nyekundu na alama zinakimbia. Zikaanza nne, zikawa saba, zikawa kumi na moja. Banange, nilifurahi! Kwa mara ya kwanza siku ile sikutaka kwenda popote. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe: wewe shuka, wewe zunguka, wewe subiri bwana, mwenzako ana haraka.

Ikagonga saa kumi na mbili. Ukumbi ule umepakana na kambi ya polisi, ukuta kwa ukuta, na madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Tarumbeta likapigwa. Wanashusha bendera.

Nikasimama.

Sikuamua. Mtu ambaye hakukulia kambini hawezi kuelewa. Baba yangu, Saverio Okwera, alikuwa askari wa jela Luzira miaka thelathini, na sisi tulizaliwa kwenye nyumba za askari. Bendera inaposhushwa, kila mtu anaganda alipo. Umebeba maji, umeganda. Unafukuza kuku, umeganda, kuku aende zake. Siku moja mama aliweka maziwa jikoni, tarumbeta likalia, akasimama wima anayatazama yakichemka, yakapanda, yakamwagika, yakazima moto, na hakunyanyua hata kidole. Baba akampongeza.

Sasa na mimi nikawa nimesimama katikati ya ukumbi, mikono imenyooka ubavuni, kipanya kimebaki peke yake mezani. Niliona ndege mbili zinafuatana. Niliona zinakaribiana. Kichwani napiga kelele, geuza, geuza, we mjinga, na mikono haitoki. Zikawa nyekundu. Zikagongana. Nyingine mbili zikafuata. Tarumbeta lilipokwisha nilikaa, na watu walikuwa wanacheka.

Nerima aliniita pembeni wenzangu walipotoka.

"Namba kumi na saba. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Sikuwa nakwenda, madamu. Ni bendera."

Akachomoa karatasi moja. "Kuna fomu ya usumbufu kutoka nje, mtu anaweza kurudia sehemu. Lakini tarumbeta hilo wamelisikia wote. Wewe tu ndiye umesimama. Niandike nini?"

Hasira zikanipanda, nami nikikasirika sijui kuchuja maneno. "Andika nimelelewa kambini! Andika sikukosea hata ndege moja mpaka hapo! Andika unavyotaka, madamu, lakini usiandike siwezi, maana naweza."

Nikajua nimeharibu. Lakini yeye alikuwa anaangalia karatasi zake.

"Sehemu mbili za kwanza umewapita wote," alisema. "Kesho kuna kundi la mwisho, na mmoja ametuarifu hatakuja. Sehemu ya tatu nitaianza saa kumi na mbili kasorobo. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Tarumbeta litapigwa tena, nami nikiwa katikati.

Asubuhi nilimkuta baba anafagia uani. Tangu astaafu tunakaa nje ya ukuta wa kambi, tarumbeta la jioni bado tunalisikia, naye anafagia kana kwamba atakaguliwa. Nikamweleza yote, halafu nikamwomba anipigie tarumbeta lile kwa mdomo, mimi niwe nafanya kazi, nizoee kutosimama.

"Atoo," alisema, akiniita kwa jina langu la nyumbani, "huo ni mchezo?"

"Si mchezo, baba."

"Nimesimama chini ya bendera ile miaka thelathini. Wenzangu wengine wamezikwa nayo. Halafu nikufundishe kuipuuza?"

"Baba, jana nimeshindwa kwa sababu yako!"

Yakanitoka hivyohivyo. Mama, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, akasema, "Ya Allah, Zulaika!" Baba akauegemeza ufagio ukutani taratibu, akaingia ndani. Nilitaka ardhi inimeze. Nilizunguka uani mara tano, nikijitukana kwa lugha zote za nyumba yetu.

Akatoka. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kazi, amevifunga kamba hadi juu.

"Chukua ungo wa mama yako," alisema. "Chambua."

Nikakaa na maharage. Akasimama wima, kidevu juu, akaanza kwa mdomo: ta-taa, ta-ta-taa. Vidole vyangu vikaganda. Akamaliza, akanitazama, akaanza tena. Vikaganda. Mara ya tatu nilichukua punje moja, nikasimama nayo. Mara ya nne nilianza kulia.

"Baba, haiwezekani."

"Nani amekuruhusu kusema? Chambua!" Ilikuwa sauti ile ya gwaride, ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa darasa la saba. "Kuna watu angani, Atoo! Wana watoto wao! Chambua!"

Mara ya saba vidole vilikwenda. Polepole, lakini vilikwenda. Nilichambua baba akiwa amesimama mbele yangu, macho yamekodolea juu ya bati la jirani ambako hakuna mlingoti wowote, sauti inamkatika kidogo mwishoni. Niliona aibu kukaa mbele yake vile. Niliendelea kuchambua.

Jioni ile nilikaa kiti kilekile. Ndege zikawa nane, zikawa kumi, zikawa kumi na mbili. Tarumbeta likapigwa. Magoti yalitaka kusimama, nawaambia ukweli wote, yalitaka sana. Niliushika mkono wangu wa kulia kwa macho na nikaupeleka: wewe geuka kushoto, wewe panda, wewe nyumbani. Hakuna iliyogeuka nyekundu. Nilipozishusha zote kumi na mbili nje kulikuwa kimya, na fulana ilikuwa imelowa mgongoni.

Nerima alitazama skrini, akatazama karatasi, akaandika kitu, akakipigia mstari. "Kumi na saba, ripoti chuoni Entebbe tarehe mosi. Uje na vyeti vyako."

Nikatoka mbio hadi barabarani nikampigia baba simu. Alipokea kabla haijalia mara mbili.

"Lilipigwa?"

"Lilipigwa, baba."

"Ukasimama?"

Nilikuwa nimeipata kazi, na bado niliona aibu kumwambia.

"Sikusimama."

Nyuma yake mama alikuwa anauliza, kuna nini, kuna nini.

"Haya," alisema baba. "Mimi nilisimama hapa. Lilipokwisha nikasimama tena mara ya pili, kwa niaba yako. Rudi nyumbani ule."