Pogonias wa Toongabbie

Mahari haikumsumbua Mwiti. Kilichomnyima usingizi ni ndevu za Mzee Chumo, mjomba wa mchumba wake Cherotich. Ndiye mwanaume pekee wa ukoo wa msichana hapa Sydney, na asipokubali yeye, hakuna harusi.

Zilikuwa ndevu ndefu, manjano kwenye ncha kama za beberu anayejikojolea. Zilibeba chembe za ugali wa juzi, na ukizikaribia zilinuka soksi iliyoloa.

Cherotich alikuwa karibu kumshawishi azinyoe. Mwiti ndiye aliyeharibu. Alisoma Kigiriki kidogo chuo cha theolojia kabla hajaacha, na Jumapili moja baada ya ibada pale Blacktown akamwita mzee Pogonias. Alijua Wagiriki wa kale walimwita hivyo yeyote mwenye ndevu, awe mtu, awe mnyama. Mzee alipouliza maana, Mwiti alimeza kicheko akasema ni jina la wazee wa heshima. Tangu hapo mzee hakutaka kusikia habari za makasi.

Sasa, siku ya posa, sebuleni kwa mzee mtaani Toongabbie, kibuyu cha mursik kikatolewa, maziwa yaliyolala na masizi mpaka yakaganda. Desturi ya nyumba ile, mzee hunywa kwanza, kisha humpa kijana kikombe kile kile. Ukikataa, umekataa ukoo.

Pogonias akainama. Ndevu zikatangulia mdomo, zikazama kikombeni, zikatoka zikidondosha maziwa mle mle. Akazikamua juu ya kikombe kwa vidole viwili, polepole, asipoteze baraka, kisha akampa Mwiti.

Juu ya maziwa ya kijivu ulielea unywele mmoja uliojikunja, na kitu cheupe ambacho Mwiti aliomba Mungu kiwe ugali.

"Mbona unakiangalia hivyo?" mzee akauliza. "Ama sisi ni wachafu?"

Cherotich alikuwa ameinamia kapeti kama anaisoma.

Mwiti akafumba macho, akanywa. Unywele ukamshika kooni, ukakataa kushuka, ukakataa kupanda. Machozi yakamtoka. Mzee akayaona, akaguswa. Akasema kijana huyu ana moyo, apewe mke, kisha akamkumbatia, ndevu zikamganda shavuni, bado mbichi.

Walipobaki wawili uani, Mwiti akasogea ambusu mchumba wake. Cherotich akamsukuma kifuani.

"Na huo mdomo? Enda upige mswaki. Ukimaliza, rudia."